Kabla ya Kununua Mashine ya Nyasi, Ulizeni Uwanja na Wanaoufyeka



Huenda msomaji akashangaa kuona ukurasa wa chama unazungumza juu ya mashine ya kukata nyasi. Mishahara haitoshi, nyumba zinavuja, na sisi tunaandika habari za nyasi! Lakini katika tawi letu, nyasi ndizo zilizotupeleka mezani na wakubwa wa kampuni mara tatu katika mwaka mmoja, na mwenzetu mmoja mpaka leo anachechemea kwa ajili yake. Tumeona yafaa kueleza yaliyotupata na tuliyojifunza, ili tawi jingine lisijifunze kwa mguu wa mtu.

Sisi tuko katika shamba la chai huku magharibi ya Uganda, nchi ya vilima na mvua. Mvua za kwanza hunyesha tangu Machi hadi Mei, na za pili huanza Septemba na kuendelea mpaka karibu na Desemba. Uwanja wetu ni mkubwa, kama eka 7 hivi. Sehemu ya juu ni tambarare: ofisi, zahanati na uwanja wa mpira. Kisha ardhi inateremka kutoka kiwandani mpaka kwenye nyumba za wafanyakazi, na chini kabisa kuna bonde lenye chemchemi ambako maji hayakauki vizuri hata wakati wa jua. Katikati kuna vichuguu, mashina ya miti iliyokatwa zamani, na mifereji ya kutolea maji.

Uwanja huo ulikuwa ukifyekwa kwa slasha na watu sita, wanaume wanne na wanawake wawili. Kazi ya slasha mnaijua: mgongo unauma, viganja vinaota sugu, na ukimaliza upande huu, ule wa kwanza umekwisha kuota tena. Lakini kazi hiyo haiwezi kuachwa. Nyasi zikirefuka huficha nyoka, na huficha pia madimbwi na makopo yenye maji ambamo mbu huzaliana, na watoto wetu ndio wanaocheza humo.

Mashine iliyokuja bila kuulizwa

Siku moja lori lilileta mashine mpya, ile ya kupanda juu na kuendesha kama trekta ndogo. Ilikuwa nzuri, inang'aa, na hata sisi tuliisifu. Wakubwa walikuwa wameichagua kwenye karatasi yenye picha. Hakuna aliyewauliza watu sita wa slasha, wala mjumbe wa chama, wala fundi wa karakana. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kwenye uwanja wa mpira mashine ile ilifanya kazi vizuri kabisa. Kwa hiyo nyapara akaagiza ishuke mpaka kwenye mteremko wa nyumba. Ilikuwa asubuhi baada ya usiku wa mvua. Mwenzetu aliyekuwa akiiendesha alipita mteremko kwa ubavu, akitoka kushoto kwenda kulia, kama alivyozoea kufyeka kwa slasha. Gurudumu la juu likapanda kichuguu kilichofichwa na nyasi, la chini likateleza kwenye matope, na mashine ikalala. Alijitahidi kuruka, lakini mguu mmoja ulibaki chini. Mungu alisaidia kisu kikawa kimezimika. Mfupa ulivunjika mahali pawili.

Jambo la kwanza lililosemwa katika uchunguzi wa kampuni ni kwamba dereva hakuwa mwangalifu. Hapo ndipo chama kilipoingia. Tulisema: kabla ya kumwuliza dereva, tuiulize mashine, na kabla ya kuiuliza mashine, tuuulize uwanja. Tuliomba tupewe siku moja ya kupima, na baada ya mabishano tulipewa.

Tulivyopima uwanja

Vyombo vyetu vilikuwa vya kawaida: kamba yenye mafundo kila mita 10, vigingi, ubao ulionyooka wa mita 1, futi ya seremala, na pimamaji ya fundi mwashi. Tawi lolote linaweza kufanya hivyo.

Kwanza tulipima ukubwa wa kila sehemu. Tulipata eka 3 za tambarare, eka 2 na nusu za mteremko, eka 1 ya bondeni penye maji, na nusu eka ya kingo za mifereji. Kwa hiyo ile tuliyokuwa tukiiita uwanja mmoja kwa kweli ni viwanja vinne, na kila kimoja kina mahitaji yake. Hili ndilo kosa kubwa la mnunuzi: huuona uwanja wote kwa jicho la sehemu ile iliyo mbele ya dirisha la ofisi.

Pili tulipima mteremko. Njia yake ni rahisi. Weka ncha moja ya ubao wa mita 1 juu ya ardhi upande wa juu wa mteremko, inua ncha ya pili mpaka pimamaji ionyeshe ubao umelala sawa, kisha pima nafasi iliyo kati ya ncha hiyo na ardhi. Ikiwa ni sentimita 27, mteremko huo ni wa digrii 15 hivi. Kwa mashine nyingi za kupanda, vitabu vya watengenezaji huweka digrii 15 kuwa mwisho, na hapo wanazungumzia ardhi kavu. Mahali alipoangukia mwenzetu tulipata sentimita 36, yaani karibu digrii 20. Karatasi ile ya vipimo ilimaliza maneno ya uzembe wa dereva. Kitabu cha mashine kilikuwa ofisini, ndani ya mfuko wake wa nailoni, hakijafunguliwa.

Kitabu hicho kilisema pia jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelijua. Mashine ya kupanda hupita mteremko kwa kupanda na kushuka moja kwa moja, si kwa ubavu, maana kwa ubavu huweza kupinduka. Mashine ya kusukuma kwa mikono ni kinyume chake: hupita kwa ubavu, maana ukipanda nayo ukateleza huweza kukurudia, na ukishuka nayo ukateleza miguu yako huingia chini yake. Ndugu zetu, shikeni tofauti hiyo. Mtu aliyezoea moja akipewa nyingine bila mafundisho amewekewa mtego.

Tatu tulitazama maji. Tulitembea bondeni siku ya pili baada ya mvua, tukakanyaga kwa kisigino. Pale ambapo kisigino kilizama na shimo likajaa maji, tulipiga kigingi. Ndani ya vigingi hivyo tulikubaliana kwamba mashine yoyote nzito haiingii, kwa sababu itazama, itachimba mifereji kwa magurudumu yake, na kuushindilia udongo hata maji yazidi kutuama.

Nne tulihesabu vizuizi: vichuguu, mashina, mawe, nyaya za kuanikia nguo, na vipande vya vyuma vilivyosahauliwa. Watoto ndio waliotuonyesha vingi zaidi, maana wao ndio wanaoujua uwanja.

Mashine zenyewe na tabia zake

Mashine ya nyasi ni ndugu wa mashine zetu za viwandani. Aliyeibuni ni Mwingereza, Edwin Budding, katika wilaya ya viwanda vya nguo vya sufu huko Gloucestershire. Aliona kiwandani mashine yenye visu vilivyozungushwa kwenye pipa ili kunyoa manyoya juu ya kitambaa, akafikiri kwamba nyasi nazo zaweza kunyolewa hivyo. Alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1830. Mashine za namna ile, zenye visu vya kuviringika kama pipa, zingali zinatumika. Hukata vizuri mno, lakini zinataka ardhi tambarare kama meza na nyasi fupi. Kwenye uwanja wenye vichuguu hunyoa udongo na kuvunja visu. Kwa hiyo tuliiondoa kwanza kwenye hesabu.

Ya pili ni ile ya kisu kimoja kinachozunguka kwa ulalo chini ya kifuniko cha chuma. Hii ndiyo inayoonekana mahali pengi siku hizi. Inavumilia nyasi ndefu na ardhi isiyo sawa, lakini ni hatari kuliko inavyoonekana. Tufanye hesabu: kisu chenye upana wa sentimita 53, ncha yake hutembea karibu sentimita 166 kila kikizunguka mara moja. Kikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ncha hiyo inakwenda mwendo wa karibu kilomita 300 kwa saa. Jiwe likipigwa kwa mwendo huo linaweza kumtoa mtu jicho akiwa mbali. Ndiyo maana nchini Marekani, tangu mwaka 1982, sheria inataka mashine za kusukuma ziwe na mkono wa usalama: mfanyakazi akiuachia, kisu lazima kisimame katika muda wa sekunde 3. Mashine isiyo na mkono huo msikubali kuipokea, na yenye mkono uliofungwa kwa kamba ili usisumbue ni sawa na isiyo nao.

Ya tatu ni ya kupanda. Inafaa mahali pakubwa na tambarare. Zipo pia zile zinazogeuka papo hapo kwa kuongozwa na vijiti viwili. Hizo ni hodari mahali pakavu, lakini kwenye mteremko uliolowa magurudumu ya nyuma yakiteleza dereva hana tena usukani wala breki ya kutegemea. Mwenye kununua mashine ya kupanda na aulize kama ina fito ya chuma ya kumkinga dereva inapopinduka, pamoja na mkanda wa kujifunga. Uswidi iliamuru matrekta mapya yawe na kinga hiyo tangu mwaka 1959, na vifo vya madereva waliopinduka vikapungua sana. Fito bila mkanda haikingi inavyopaswa, kwa kuwa dereva anaweza kutupwa nje na kuangukiwa.

Ya nne ni ya kufyeka ya begani, yenye mpini mrefu na injini nyuma. Hii inafika kwenye kingo, mifereji na kando ya mashina ambako magurudumu hayafiki. Lakini inatikisa mikono na kupiga kelele. Mtu akiishika kutwa nzima kwa miaka mingi vidole hufa ganzi na masikio huharibika. Anayeitumia apokezane na mwingine, avae miwani, vizibo vya masikio na kinga za miguu.

Ya tano ni ile isiyo na magurudumu, inayoelea juu ya upepo wake yenyewe. Ilibuniwa na Karl Dahlman wa Uswidi katika miaka ya 1960, baada ya kuona chombo cha Kiingereza kinachopita juu ya maji kwa kuelea juu ya hewa. Ni nyepesi na hupita vizuri kwenye kingo. Ila haina kitu cha kuishikilia chini, na ukiteleza inaweza kukufuata.

Za umeme wa waya hatukuzifikiria. Waya wa umeme, kisu na nyasi zilizolowa havikai pamoja. Za betri zipo na hazina moshi, lakini kwa uwanja wa eka nyingi na umeme wetu unaokatikakatika, hazikutufaa.

Tulichochagua

Katika mkutano wa kwanza sisi wenyewe tulikosea. Wengi walipiga kura tudai mashine ya kusukuma yenye kisu kipana kuliko zote, ili kazi iishe mapema. Fundi wa karakana akatuonya kwamba kifuniko kipana kwenye ardhi yenye vichuguu hukalia vilele na kunyoa udongo, huku mabondeni kikiacha nyasi zimesimama. Hatukumsikia mpaka tulipoazima moja yenye kisu kipana na kuijaribu. Baada ya saa moja mteremko ulikuwa na mabaka mekundu kama kichwa chenye mapunye. Tukakubali.

Mwishoni tulipeleka mapendekezo haya. Eka 3 za tambarare zikatwe na mashine ile ile ya kupanda, maana imekwisha kununuliwa na pale ndipo mahali pake. Isishuke tena kutoka pale juu. Mteremko ukatwe na mashine ya kusukuma yenye kisu cha sentimita 53. Kingo za mifereji zikatwe na mashine ya begani, na bondeni penye vigingi pabaki pa slasha.

Kwa mashine ya mteremko tuliandika sifa tulizozitaka, kwani kutaja jina la mashine tu hakutoshi:

Iwe inajivuta yenyewe kwa magurudumu ya nyuma. Inayovutwa na magurudumu ya mbele hupoteza nguvu kila unapokandamiza mpini ili kugeuka au kuvuka shimo.

Magurudumu ya nyuma yawe makubwa na yenye meno. Gurudumu dogo huingia kwenye kila shimo na kubaki humo.

Kimo cha kukata kiweze kupandishwa mpaka sentimita 7 au 8. Kwenye ardhi isiyo sawa, kukata chini sana ni kukata udongo. Tena nyasi zisiondolewe zaidi ya theluthi moja ya urefu wake kwa mara moja, ama sivyo jua huziunguza na mvua huuosha udongo.

Itupe nyasi kwa ubavu, kupitia mlango wenye kifuniko. Ile inayozisaga na kuzirudisha chini huziba upesi nyasi zikiwa na unyevu, na ile ya mfuko huwa nzito mfuko ukijaa na kumvuta mtu chini ya mteremko.

Kitabu chake kieleze injini yaweza kuinamishwa mpaka wapi. Injini nyingi ndogo hurusha oili kwa kijiko kilichomo ndani. Ikiinama kupita kiasi, kijiko hakifikii oili na injini hufa.

Kisu, plagi, mkanda na kamba ya kuwashia vipatikane madukani nchini. Mashine inayongoja kipuri miezi mitatu ni chuma cha kufugia kuku.

Na sifa ya mwisho ndiyo iliyowachekesha wakubwa, lakini hatukuiacha: mashine ijaribiwe kwenye mteremko wetu na mtu mdogo kuliko wote kati ya wale sita, kabla ya fedha kulipwa. Mtu huyo ni mmoja wa dada zetu. Mashine mbili zililetwa na muuzaji. Ya kwanza aliisukuma hatua ishirini akaiacha, maana mpini ulimfikia kifuani na haukuweza kushushwa. Ya pili aliigeuza mwenyewe mara nne pasipo kusaidiwa. Hiyo ndiyo iliyonunuliwa. Haikuwa ya bei ya juu zaidi, wala ya chini zaidi.

Wakubwa walihoji kama mashine ndogo hivyo itatosha. Tulijibu kwa hesabu. Kisu cha sentimita 53 kwa mwendo wa kilomita 3 kwa saa hupita mita za mraba 1,590 kwa saa. Tukiondoa robo kwa sababu ya kugeuka na kupishanisha mistari, inabaki kama 1,200. Eka 2 na nusu ni karibu mita za mraba 10,000. Kwa hiyo ni kazi ya asubuhi mbili, zaidi kidogo ya saa nne kila asubuhi.

Je, wale sita?

Hapa ndipo palipokuwa na hofu yenyewe. Watu sita wa slasha walitusikiliza tukisifu magurudumu na visu, halafu mmoja wao, mzee wa miaka mingi kazini, akauliza: "Na sisi mtatupeleka wapi?" Kikao kizima kikanyamaza.

Swali hilo si la shamba letu peke yake. Kule Kericho, nchini Kenya, mwezi wa Mei 2023 mashine za kuchumia chai zilichomwa moto katika ghasia, na watu wakaumia. Hatuandiki haya ili kusifu moto. Twaandika kwa sababu mashine inayoletwa bila mapatano huonekana na mfanyakazi kama adui aliyeingia nyumbani kwake usiku. Slasha imevunja migongo ya watu wetu, na hatutasimama kuitetea. Tunachotetea ni mtu aliyeishika.

Kwa hiyo tulikataa kuzungumzia mashine bila kuzungumzia watu. Mapatano yaliyotiwa sahihi yalisema kwamba hakuna hata mmoja kati ya wale sita atakayeachishwa kazi kwa sababu ya mashine. Watatu watafundishwa kuziendesha na kuzitunza, wote wakiwemo wale dada wawili ikiwa wanataka, na malipo yao yatahesabiwa kuwa ya waendesha mashine. Watatu wengine watabaki bondeni na mifereji, kazi iliyokuwa imesahauliwa hata maji yakawa yanaingia nyumba za mwisho.

Hatukupata yote. Tulidai mwenzetu aliyeumia alipwe mshahara kamili kwa miezi yote aliyolala. Kampuni ilikubali sehemu tu, na jambo hilo lingali mikononi mwa chama. Tulidai viatu vyenye chuma mbele kwa watu wote sita. Vililetwa vya watatu. Vya wengine tuliahidiwa, na bado tunakumbusha.

Kanuni zilizobandikwa karakana

Mashine nzuri mikononi mwa amri mbaya huumiza vile vile. Tuliandika kanuni hizi, nyapara naye akazitia sahihi:

Baada ya mvua, mteremko haukatwi mpaka nyasi na udongo vikauke. Anayeamua ni mwendesha mashine, kwa kukanyaga, si mtu aliye dirishani. Nyasi zilizolowa huganda chini ya kifuniko, hukabana na kisu, na humfanya mtu atie mkono pasipotakiwa.

Kabla ya kuondoa nyasi zilizoziba au kugusa kisu, zima injini, ngoja kisu kisimame, kisha ondoa waya wa plagi. Tumia kijiti, usitumie mkono.

Tembea uwanjani kwanza na kuokota mawe, vyuma na makopo. Watoto wote waondolewe, na asiwepo mtu karibu chini ya mita 15.

Kwa mashine ya kusukuma, usiivute kinyumenyume kukuelekea. Viatu viwe vya kufunika mguu wote. Kandambili ni marufuku.

Petroli hutiwa injini ikiwa imepoa, na mbali na jiko na sigara.

Jioni safisha chini ya kifuniko na ukaushe, maana unyevu unakula chuma. Kisu kinolewe mara kwa mara. Kisu butu hupasua nyasi badala ya kuzikata, na huchosha injini na mtu.

Ikiwa mkubwa yeyote atawaambia kwamba mambo haya ni ya ofisi, si ya wafanyakazi, mjibuni kwa adabu kwamba Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unataka wafanyakazi washauriwe katika mambo ya usalama kazini. Unamlinda mfanyakazi anayejitoa katika kazi anayoona kwa sababu za haki kwamba ni hatari kubwa na ya karibu kwa maisha au afya yake. Unasema pia kwamba hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi chochote. Mwezi wa Juni 2022, mkutano wa shirika hilo uliuingiza mkataba huo katika mikataba ya msingi. Tena kila nchi yetu ina sheria yake ya usalama na afya kazini: Tanzania ya mwaka 2003, Uganda ya mwaka 2006, Kenya ya mwaka 2007. Tawi linalofaa liwe na nakala, na liwe na mtu wa kuisoma kwa sauti mkutanoni.

Ndugu zetu, pengine kwenu si nyasi. Pengine ni mashine ya kukata mkonge, winchi, jiko la mvuke au ngazi tu. Njia ni ile ile. Pimeni mahali pa kazi kabla ya kutazama picha za mashine. Mwacheni atakayeishika ndiye aijaribu. Ulizeni vipuri viko wapi. Na kabla ya injini kuwashwa, pawe na karatasi yenye sahihi inayosema watu waliokuwa wakifanya kazi hiyo wanakwenda wapi.

Mvua za Machi zilipokuja tena, nyapara alishuka mapema asubuhi kumhimiza dada yetu aanze mteremko, kwa kuwa kulikuwa na wageni wa kuja. Yeye alikanyaga nyasi kwa kisigino, akatazama shimo likijaa maji, akaikokota mashine kuirudisha karakana. Kanuni zilikuwa pale ukutani, na sahihi ya nyapara chini yake. Wageni walipokelewa uwanja ukiwa na nyasi ndefu, na hakuna aliyekufa kwa ajili hiyo. Kesho yake jua likawaka, na mteremko ukakatwa.